Punguzo la Idd Lililokula Mtaji

Usiku wa mwezi 25 Ramadhani, baada ya tarawehe, tulikaa watatu mbele ya kompyuta moja: mtu, wifi yake na binti wa nyumba, aliye hodari wa mitambo kuliko sisi wakubwa. Duka letu la mtandaoni si kubwa. Lauza madira, mitandio, udi na chetezo, na pamoja na hivyo lauza kofia za viua ambazo mama mmoja wa mtaa wa pili hutupa kwa mali kauli. Kila tulipofungua simu usiku ule tuliona wenzetu wametangaza ofa za Idd, huyu asilimia 20, yule asilimia 30, na sisi tukaona tukinyamaza tutasahauliwa. Tukashusha bei za bidhaa zote kwa asilimia 25 kwa mara moja, tukaandika tangazo lenye mwezi mwandamo na taa, tukalipeleka katika makundi yote ya WhatsApp tunayoyajua.

Kufikia wakati wa daku kofia zote 11 zilikuwa zimekwisha. Simu ililia kwa ujumbe wa M-Pesa mpaka tukaizima sauti kwa kuchelea kuwaamsha watoto. Hatukumbuki tulikula nini usiku ule.

Hesabu tuliifanya baada ya sala ya Alfajiri, na hapo ndipo uso ulipobadilika. Kofia moja tulikuwa tumeiweka sokoni kwa shilingi 5,000, na kauli tuliyompa mama ni kuwa kila kofia ikiuzwa atapata shilingi 4,000. Asilimia 25 ilipoondoka, bei ikawa 3,750. Lakini kulikuwa na kuponi tuliyowatungia dada wa darsa mwezi wa Shaaban, ya asilimia 10, ambayo tulisahau kuifunga, nayo ilikuwa imekwisha kuzungushwa katika makundi hata ikamfikia kila mtu. Wanunuzi wote wa kofia waliitumia. Bei ikashuka tena hadi 3,375. Juu ya hayo, duka letu liliahidi kusafirisha bure kwa kila anunuaye zaidi ya shilingi 3,000, na vifurushi vile vya Nairobi, Malindi na Nakuru vilitutoka wastani wa shilingi 300 kila kimoja. Kwa kila kofia, basi, tulikuwa tumelipa shilingi 925 kutoka mfukoni mwetu ili mtu wa mbali avae kofia ya Idd. Mara 11, ni shilingi 10,175, bila kuhesabu maboksi.

Na bado simu ilituonyesha shilingi 37,125 za kofia peke yake. Hiyo ndiyo khadaa ya mauzo ya punguzo: fedha huingia nyingi na kwa haraka, mtu akajiona tajiri, na deni la mama la shilingi 44,000 halina ujumbe wa kulia.

Wifi alishauri tuwaandikie wanunuzi kuwa kumetokea kosa, tuwarudishie fedha zao. Tulilizungumza sana jambo hilo. Bei tuliiandika wenyewe, wao wameikubali na wamelipa, na siku za Idd zimebaki chache. Mtu aliyekwisha kumwahidi babake kofia angerudije sokoni? Tukaona biashara imetimia. Njia ya pili ilikuwa kumwendea mama mwenyewe tukamwomba apokee pungufu. Huyu angekubali, na hilo ndilo lililotuzuia. Angekubali kwa haya, kwa ujirani, kwa kuwa sisi ni kama wanawe, na kofia moja ya viua humchukua miezi, tundu kwa tundu, akiishona barazani baada ya kumaliza kazi za nyumba. Kauli ilikuwa yetu na ofa ilikuwa yetu, yeye hakuulizwa.

Asubuhi ya mwezi 27 tulimpelekea shilingi 44,000 kamili. Alizihesabu mara mbili, kama ilivyo ada yake, kisha akacheka. "Wanangu, zote kumi na moja kwa usiku mmoja? Basi mimi nilikuwa nauza rahisi." Hatukuwa na la kumjibu.

Tumeeleza aibu yetu kwa urefu kwa sababu twajua hatuko peke yetu. Katika nyumba nyingi za Pwani leo, kuanzia Lamu hadi Vanga, mna mama au binti auzaye kitu kwa simu: mabaibui, viungo vya pilau, achari, mahamri ya kuagiza, manukato. Wengi wamefika hatua ya kuwa na duka kamili la mtandaoni, lenye kikapu na mahali pa kulipia. Na wengi wao, ukiwauliza punguzo lao lilikujaje kuwa asilimia 20, watakwambia kuwa jirani kaweka 20. Hesabu haikuulizwa.

Basi na tuiulize hapa, kwa kitu kimoja chepesi: dira. Tuseme dira moja umelinunua kwa jumla shilingi 1,150. Mfuko na lebo ni 40, matangazo ukiyagawa juu ya kila dira ni 60, data na makato ya tili na vidogo vidogo vingine ni 50. Dira limekufikia kwa shilingi 1,300, si 1,150, na hapa tayari wengi wetu tumepotea, kwa maana huandika bei ya jumla tu na kuyaita yaliyobaki faida. Waliuza kwa 2,000. Faida yako ni 700.

Ukipunguza asilimia 10, bei ni 1,800 na faida ni 500. Mnunuzi ameona punguzo la kumi, lakini faida yako imepungua kwa zaidi ya robo. Ili upate zile fedha ulizokuwa ukizipata kwa kuuza madira matano, sasa lazima uuze saba. Ukipunguza asilimia 20, bei ni 1,600, faida ni 300; palipokuwa na madira matatu sasa lazima ziwe saba. Ukipunguza asilimia 30, bei ni 1,400, faida ni 100, na kwa kila dira moja ulilokuwa ukiliuza zamani yakupasa uuze saba. Ukifika 35, wafanya kazi bure. Asilimia ile hukatwa juu ya bei nzima, na bei nzima ina mtaji ndani yake ambao hauwezi kupungua. Kwa hiyo chote kinachokatwa hutoka katika kile kipande kidogo kilicho chako.

Swali la kweli kabla ya ofa, basi, ni hili: je, tangazo hili litaniletea wanunuzi saba palipokuwa na watatu? Wakati mwingine jibu ni ndiyo. Kumi la mwisho la Ramadhani watu hununua hata bila kubembelezwa, na huenda ndio wakati ambao punguzo lahitajika kidogo kuliko wakati wowote. Tuliyajua haya tangu zamani sisi watu wa soko, ila simu imetusahaulisha.

Kuna kosa jingine ambalo tumelisikia kwa dada zetu watatu tofauti, na wote ni wasomi. Mtu husema: mtaji wangu ni 1,300, faida yangu ni 700, hiyo ni kama asilimia 54, kwa hiyo nikitoa punguzo la 40 bado nabaki na 14. Habaki na kitu. Asilimia 40 ya 2,000 ni 800. Atauza kwa 1,200 na kupoteza mia kwa kila dira. Ile 54 aliipima juu ya mtaji, na punguzo hupimwa juu ya bei ya kuuzia. Ni vipimo viwili, kama mtu anayepima kitambaa kwa yadi akakikata kwa mita. Faida ya dira hili, ikipimwa juu ya bei, ni asilimia 35, na hiyo ndiyo dari ya punguzo lake.

Njia tunayoitumia sasa twaianzia chini. Kwanza twaamua faida ndogo kabisa tunayoikubali kwa kila kitu, tuseme shilingi 200 kwa dira. Mtaji 1,300 ukiongezwa 200 ni 1,500. Hiyo ndiyo sakafu. Kutoka 2,000 hadi 1,500 ni shilingi 500, nayo ni robo ya 2,000. Asilimia 25, basi, ndiyo mwisho wa jumla ya mapunguzo yote ambayo dira hili laweza kubeba kwa siku yoyote, kuponi na ofa na usafiri wa bure vikiwa pamoja. Kofia ya viua kwa mtaji wa 4,000 na boksi la 100 ilikuwa na faida ya 900 juu ya 5,000, yaani asilimia 18 tu. Udi wetu una nafasi kubwa zaidi. Kuzifunika bidhaa hizi zote kwa asilimia moja ni sawa na kumshonea baba na mtoto kanzu ya kipimo kimoja.

Daftari la bidhaa zote, kila moja na sakafu yake, lilituchukua siku mbili kuliandika. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi habari tuliipata Alfajiri.

Walio katika ushuru wa biashara ndogo wasisahau safu moja zaidi. Tangu Julai 2023, biashara ambayo mauzo yake kwa mwaka ni kati ya milioni 1 na milioni 25 hutozwa asilimia 3 ya mauzo, si ya faida. Kwenye dira la 1,600 ni shilingi 48, na ile faida ya 300 imekuwa 252. Katika mwezi wa ofa unaweza kuuza sana, ukapata kidogo, na ushuru ukawa mkubwa kuliko mwezi uliopita.

Sasa tuje kwenye mitambo, maana kosa letu nusu yake lilikuwa la hesabu na nusu la visanduku ambavyo hatukuvitia alama.

Duka letu laendeshwa kwa programu ya WooCommerce, kama maduka mengi madogo. Humo, bei ya ofa na kuponi ni vitu viwili mbalimbali. Bei ya ofa huandikwa katika bidhaa yenyewe, na kila apitaye huiona. Kuponi ni neno ambalo mnunuzi huliandika wakati wa kulipa. Na kuponi, usipoikataza, hushuka juu ya bei iliyokwisha kushushwa. Katika ukurasa wa kuponi mna kisanduku cha kuzitenga bidhaa zilizo katika ofa. Tungekitia alama mwezi wa Shaaban, kofia zisingeshuka chini ya 3,750. Kando yake mna kisanduku kingine kinachozuia kuponi moja isitumike pamoja na nyingine. Hivi si kitu kimoja, na mtu aweza kukitia alama kimoja akadhani amefunga milango yote miwili.

Wenye maduka ya Shopify wana nafuu kidogo, kwa kuwa huko mapunguzo hayachanganyiki mpaka mwenyewe uruhusu. Lakini bei uliyoishusha kwa mkono, mtambo huiona kuwa ndiyo bei, na kuponi itakata juu yake bila kuuliza. Dawa yake ni kuitengenezea kuponi kundi la bidhaa maalumu, lisilo na zile zilizoshushwa.

Punguzo mbili zikifuatana hazijumlishwi, na ni vizuri kulijua hili kabla ya kuandika tangazo. Asilimia 20 kisha 15 si 35. Dira la 2,000 hushuka hadi 1,600, na 15 hukatwa juu ya 1,600, ikawa 1,360. Ni sawa na punguzo moja la asilimia 32. Kama umeandika "jumla asilimia 35", mnunuzi atakuja na hesabu yake na atakuwa na haki.

Halafu kuna mipaka ya matumizi. Kuponi yaweza kuwekewa idadi ya mara itakazotumika kwa jumla, na mara ngapi kwa kila mtu. Ile yetu ya darsa ilikusudiwa watu wasiofika 40; lau tungeandika 40 na mara moja kwa kila mtu, isingefika Nakuru. Yaweza pia kuwekewa kiwango cha chini cha ununuzi, jambo ambalo kila mtu hulikumbuka, na kiwango cha juu, jambo ambalo karibu hakuna alikumbukaye. Fikiria mwenye harusi anayeagiza sare za shilingi 40,000 akaja na kuponi ya asilimia 15. Hiyo ni shilingi 6,000 kwa neno moja. Oda ya namna hiyo ni ya kuzungumzwa kwa simu, mtu na mtu, si ya kuponi.

Usafiri wa bure ni punguzo pia, ijapokuwa hauna alama ya asilimia. Katika mpangilio wake mna swali dogo: je, kiwango cha chini kipimwe kabla ya kuponi au baada yake? Ukipima kabla, mtu aliyejaza kikapu cha 3,200 akatumia kuponi akalipa 2,700 bado atasafirishiwa bure. Sisi twapima baada, na kiwango tumekipandisha.

Mwisho wa ofa una mtego wake. Katika WooCommerce, tarehe ya mwisho wa kuponi ni saa sita ya usiku inapoanza siku hiyo, si inapomalizika. Ukiandika tarehe ya mkesha wa Idd ukitaka kuponi ifanye kazi mchana wake wote, utakuta imekufa tangu usiku wa manane, na wateja wanakutukana kwa adabu. Tena saa yenyewe ni ile iliyowekwa katika tovuti. Kama haikuwekwa Nairobi bali imeachwa katika saa ya Greenwich, kila jambo litachelewa saa tatu. Binti wetu aligundua kuwa duka letu lilikuwa likiishi katika saa ya Uingereza mwaka mzima.

Na senti. Asilimia 15 ya 1,750 ni 262 na nusu, na M-Pesa haipokei nusu shilingi. Weka duka lisionyeshe senti, na chagua bei ambazo zikikatwa hutoa namba nzima.

Baada ya kupanga yote, kabla ya kumwambia mtu yeyote, twaingia dukani kama wateja. Twajaza kikapu kwa bidhaa yenye faida ndogo kuliko zote, twaandika kila kuponi tunayoikumbuka, hata za mwaka jana, kisha twaitazama namba ya mwisho na kuilinganisha na sakafu ya daftari. Ni kazi ya dakika kumi. Mwaka jana ingetuokolea shilingi 10,175.

Dada zetu wasio na duka bali WhatsApp tu watasema haya hayawahusu. Yawahusu zaidi, kwa kuwa wao ndio mtambo wenyewe. Mteja huandika saa tano ya usiku, "Mpenzi, nipunguzie kidogo," nawe umechoka, mtoto analia, ukajibu 1,500. Kesho mwenzake atakuja na picha ya jibu lako. Sakafu ya kila kitu iandikwe na ibandikwe karibu na mahali unapokaa na simu, ili jibu la usiku liwe lile lile la asubuhi.

Lipo jambo ambalo hatuwezi kulipita, nalo ni uongo wa asilimia. Wapo wanaopandisha dira kutoka 2,000 hadi 2,500 juma moja kabla, wakaandika punguzo la 20, na bei ikarudi 2,000 ile ile. Sheria ya Kenya ya kumlinda mtumiaji ya mwaka 2012 hulitaja wazi dai la nafuu ya bei isiyokuwapo kuwa ni katika maelezo ya uongo. Kwa Mwislamu halihitaji kufika mahakamani kujulikana kuwa ni ghushi. Na tusizuie kicheko: tumemwona mmoja aliyepandisha kwa asilimia 20, akapunguza asilimia 20, akidhani amerudi palepale. 2,000 ilipanda ikawa 2,400, ikashuka ikawa 1,920. Alidanganya, na akapata hasara ya shilingi 80 kwa kila dira.

Lililo gumu zaidi kuliona ni neno "kwa mtaji". Twaliandika ovyo: "nauza kwa mtaji", "bei ya hasara, namaliza". Wanavyuoni wa fiqhi walizipambanua biashara hizi tangu zamani. Musawama ni patano la kawaida ambalo mtaji hautajwi kabisa, na humo mtu ana uhuru mpana. Lakini akiutaja mtaji amehama mahali: akiongeza faida inayojulikana ni murabaha, akiuza kwa mtaji ule ule ni tawliya, akiuza chini yake ni wadhia, na zote tatu huitwa biashara za amana kwa sababu mnunuzi amesimama juu ya ukweli wa neno la muuzaji. Andika "asilimia 20" ukitaka. Usiandike "kwa mtaji" mpaka daftari lako liseme hivyo.

Haya yote yasimfanye mtu akaliogopa punguzo. Lina mahali pake. Dira ambalo limelala miezi minane kwenye kabati limefunga shilingi 1,300 ambazo zingenunua kitambaa kipya. Kati ya Idd ya Mfunguo Mosi na ile ya Mfunguo Tatu ni kama siku 70 tu. Mwenye kuuza madira yaliyobaki kwa 1,400, hata kwa 1,300 kamili, akapata fedha za kuingiza mzigo mpya kwa wakati, hakupoteza. Hapo punguzo ni la kufungua mtaji, na mwenyewe ajua afanyalo. Manukato yanayokaribia tarehe ni hivyo hivyo, na viungo vilivyosagwa ambavyo harufu yake yaanza kukimbia.

Kwa bidhaa zinazotembea, tumeona ni afadhali kupunguza la pili kuliko la kwanza. Anunuaye dira moja alipe 2,000. La pili alipate kwa asilimia 20 pungufu. Atalipa 3,600, mtaji wa mawili ni 2,600, na zimebaki 1,000 badala ya 700. Machoni pake ni punguzo la 20. Kwetu, juu ya jumla, ni 10 tu, na vifurushi viwili vimekuwa kimoja. Wengi humchukulia wifi au mama mkwe lile la pili, jambo ambalo lina baraka zake.

Kuna hasara moja ya ofa yetu ya Ramadhani ambayo haikuonekana katika hesabu ya Alfajiri ile. Mwezi mzima wa Mfunguo Mosi hakuna aliyenunua dira kwa 2,000. Waliuliza, wakasifu rangi, kisha wakaandika: "Ofa lini tena?" Tulikuwa tumewafundisha wenyewe kuwa bei yetu ya kweli ni 1,500, na ilituchukua hadi karibu na Hija kuwasahaulisha.

Na yule mama, baada ya Idd, alikuja mwenyewe barazani na mfuko wa kofia nne mpya. Alisema amefikiri, na kwa kuwa zile za kwanza zilikwenda usiku mmoja, kauli yake sasa ni shilingi 4,500. Tulitazamana. Tungemweleza kisa chote, angejilaumu na pengine angerudisha fedha. Tungenyamaza, angepandisha bei juu ya habari isiyo sahihi. Tulimweleza, chai ikapoa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Lakini walizitaka, siyo? Hata kwa elfu tatu mia tatu, walizitaka." Tukasema ndiyo. Akakaa na 4,500 yake.

Tumeziandika kwa 5,600. Hazimo katika ofa yoyote, kisanduku kimetiwa alama, na kuponi ya darsa imefungwa. Kufikia tunapoandika haya zimeuzwa mbili, kwa miezi miwili.